Ugonjwa Uliopitia kwa Wanaume wa Ukoo Wetu

Mtu anapozikwa Tukuyu, Kiwira au hapa Mbeya mjini, wasifu wake husomwa kabla ya jeneza kushushwa kaburini, na wasifu huo huwa umeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Utatajiwa mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ubatizo na wa kipaimara, shule alizosoma marehemu, vituo vya kazi alivyohamishiwa, mwaka wa ndoa, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu. Msomaji akifika kwenye ugonjwa, uangalifu wote huo huyeyuka. Marehemu alianza kusumbuliwa na afya mwaka juzi, akatibiwa katika hospitali mbalimbali, hadi Bwana alipompenda zaidi. Kiungo kilichougua hakitajwi, na ikiwa kilikuwa titi au sehemu za uzazi, ndiyo kabisa hakitatajwa. Nimehudhuria misiba ya namna hiyo tangu nikiwa mtoto, na ninazo nakala za wasifu za ndugu zangu wengi kwenye faili moja nyumbani. Zinanieleza ni lini shangazi yangu alipata kipaimara, lakini hazinielezi alikufa kwa nini.

Ninalitaja hilo mapema kwa sababu elimu ya saratani za kurithi haikuanzia maabara. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Paul Broca, alichapisha nasaba ya familia ya mke wake na kuonyesha jinsi saratani ya matiti ilivyokuwa ikirudi kizazi baada ya kizazi. Mwaka huohuo Gregor Mendel alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere, ambayo hakuna aliyeyajali kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo Broca hakuwa na nadharia yoyote ya urithi ya kumsaidia. Alichokuwa nacho ni majina, umri wa kila aliyekufa na sababu ya kifo chake. Sisi tuna majina na tuna umri, tena kwa tarehe kamili. Safu ya tatu ndiyo tunayoiacha wazi kwa heshima ya marehemu.

Kilichotulazimisha kuijaza ni barua. Binti wa baba yangu mdogo ni muuguzi nchini Uingereza, na akiwa na miaka 39 aligundulika na saratani katika titi la kushoto. Kwa kuwa umri wake ulikuwa mdogo, madaktari wake walimpima vinasaba, wakakuta mabadiliko katika jeni iitwayo BRCA2. Kliniki za vinasaba za huko zina utaratibu mzuri ambao natamani tungeuiga: mgonjwa hupewa barua fupi ya kuwagawia ndugu zake wa damu, inayotaja jeni husika, inayoandika badiliko lenyewe herufi kwa herufi, na inayomwomba daktari yeyote atakayepelekewa barua hiyo amsikilize huyo ndugu. Mdogo wangu aliipiga picha barua hiyo akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, katikati ya salamu za asubuhi na taarifa za michango ya harusi, pamoja na ujumbe wa sauti mrefu ambao wengi hawakuusikiliza hadi mwisho.

Mimi niliusikiliza, kisha nikatoa kaunta buku na kuanza kuchora. Wataalamu wa nasaba huchora duara kwa mwanamke na mraba kwa mwanamume. Aliyeugua hujazwa wino, na aliyekufa hukatwa kwa mstari wa mshazari. Kazi ya kuchora ni rahisi, ugumu uko katika kuuliza. Ilinibidi kila mara kuhakikisha nani alimzaa nani, kwa maana katika ukoo mkubwa kama wetu mtu anaweza kuitwa shangazi kwa sababu ni binamu wa baba, au mama mkubwa kwa sababu aliolewa na kaka yake, na kwenye mchoro wa vinasaba tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Wazee waliojibu maswali yangu walijibu kwa dalili, si kwa majina ya magonjwa. Shangazi mkubwa, dada wa kwanza wa baba yangu, alikuwa na “kidonda kisichopona” kifuani na alifariki akiwa na miaka 44. Shangazi mdogo “alijaa maji tumboni”, akatibiwa vidonda vya tumbo na gesi kwa muda mrefu, wengine wakasema amerogwa na mke mwenzake, akafariki akiwa na miaka 52. Baba mkubwa “alizuiliwa mkojo” na kufariki kwa saratani ya tezi dume akiwa na miaka 61. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa ameviweka vifo hivyo vitatu kwenye karatasi moja. Kimoja kilikuwa ugonjwa wa wanawake, kingine kilikuwa uchawi, na cha tatu kilihesabiwa kuwa ni mambo ya uzee.

Jeni moja inaweza kusababisha vyote vitatu. Siwezi kuapa kwamba ilisababisha vyote, kwa sababu tezi dume ni ugonjwa unaowapata wanaume wengi wasio na urithi wowote, na hakuna kipande cha nyama cha baba mkubwa kilichohifadhiwa popote kiweze kupimwa. Lakini titi chini ya miaka 50, tumbo linalojaa maji kwa mwanamke ambaye bado hajazeeka, na tezi dume iliyokuja mapema na kwa ukali, vyote kwa ndugu wa tumbo moja, ni picha ambayo daktari wa saratani akioneshwa hawezi kuipuuza.

BRCA1 na BRCA2 ni jeni ambazo kila mtu anazo, mwanamke kwa mwanamume, na watu wanaosema “fulani ana BRCA” huwa wamefupisha mno. Kazi yake ni ukarabati. Uzi wa vinasaba ndani ya seli hukatika mara kwa mara, na mkato mbaya zaidi ni ule unaokata nyuzi zote mbili kwa pamoja. Waliowahi kukaa ufukweni Matema wamewaona wavuvi wakishona nyavu: fundi mzuri huangalia sehemu nzima ya wavu ndipo aunge matundu yaliyochanika kwa mpangilio uleule, ilhali asiyejua huunganisha kamba yoyote na kamba yoyote ilimradi wavu usiachie. Protini za BRCA humsaidia fundi wa kwanza, kwa kuiwezesha seli kunakili kutoka kwenye nakala iliyo nzima. Zikikosekana, seli huunga ovyo, makosa hujilimbikiza, na baada ya miaka baadhi ya makosa hayo huifanya seli igawanyike bila kukoma.

Mtu huzaliwa na nakala mbili za kila jeni kati ya hizi, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala mbovu bado ana nyingine nzima, ndiyo maana kwa kawaida haugui utotoni; ukarabati unaendelea. Shida huanza pale seli moja ya titi, ya ovari au ya tezi dume inapopoteza ile nakala ya pili katika maisha ya kawaida. Ubovu wenyewe waweza kuwa mdogo ajabu. BRCA2 inasomwa kwa herufi zaidi ya 10,000, na kupotea kwa herufi moja tu kunaweza kuharibu usomaji wa zote zinazofuata, hata protini ikakatishwa katikati.

Historia ya ugunduzi wenyewe nitaipita haraka. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba saratani ya matiti ya mapema katika baadhi ya familia inafungamana na eneo moja kwenye kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, wakati ambapo wenzake wengi hawakuamini kwamba jeni moja inaweza kubeba hatari kubwa kiasi hicho. BRCA1 yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, ikapatikana mwaka 1995 na timu ya Michael Stratton nchini Uingereza. Kwa msomaji wa Mbeya jambo la kushika hapo ni hizo namba za kromosomu. 13 na 17 si kromosomu za jinsia. Wanaume na wanawake wanazo sawasawa na wanazirithisha sawasawa, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kupokea nakala mbovu.

Hapo ndipo kikao chetu cha Desemba kilipokwama. Kila mwisho wa mwaka wanaukoo hurudi nyumbani Rungwe kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Tunduma, na safari hii barua ya Uingereza iliwekwa kwenye ajenda baada ya suala la mpaka wa shamba la chai. Baba mdogo, mzazi wa yule muuguzi, ana miaka 68 na bado analima migomba yake mwenyewe. Alinyamaza wakati wote nilipokuwa naeleza, kisha akasema, “Mwanangu, mimi sijaumwa hata jino. Iweje nimpe binti yangu kitu ambacho mimi mwenyewe sina?”

“Unacho, baba,” nilimjibu, “ila kwako kimekaa kimya.”

“Na matiti sina.”

Watu walicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilikuwa la mtu aliyeumia. Nilimweleza kwamba hata mwanamume ana tishu za titi, na kwamba mwanamume mwenye mabadiliko ya BRCA2 anaweza kupata saratani ya titi, ingawa ni wachache, pungufu ya 10 kati ya kila 100, kiwango ambacho hata hivyo ni kikubwa mara nyingi kuliko cha mwanamume wa kawaida. Nilimweleza kuhusu saratani za tezi dume na kongosho. Jambo lililomwingia zaidi, nadhani, ni mchoro. Kwenye kaunta buku miduara miwili ya dada zake ilikuwa imejazwa wino, mraba wa kaka yake ulijazwa, na kati ya hiyo na duara la binti yake kulikuwa na mraba wake mweupe. Njia nyingine ya kumfikia binti haikuwapo, maana upande wa mama yake, watu wa Makete, hapakuwa na hata mmoja aliyeugua hivyo. Baba mdogo aliweka kidole kwenye mraba wake akauliza ni kipimo gani kinachotakiwa.

Madaktari wengi, na si wa huku kwetu peke yao, humwuliza mwanamke mwenye uvimbe kama mama yake au dada zake wamewahi kuugua, halafu wanafunga ukurasa. Nusu ya nasaba inabaki nje. Urithi ukipitia kwa mwanamume mwenye dada wachache, au ambaye dada zake waliolewa mbali na kuzikwa mbali, ugonjwa huonekana kana kwamba umeruka kizazi na kumwangukia binti bila sababu. Huku tunahesabu ukoo kwa baba, tunajua makaburi ya mababu hadi yale ya kabla ya Wajerumani, na bado tunapofika kwenye ugonjwa wa titi tunaelekeza macho kwa mama wa binti na watu wake. Wako wanawake waliofukuzwa kwa kuambiwa kwamba wameleta mkosi kwenye ukoo wa mume, na katika ukoo wetu mkosi ulikuwa wetu.

Hata hivyo sipendi msomaji afunge makala haya akiwa na hofu isiyo na msingi. Sehemu kubwa ya saratani za matiti haitokani na urithi wa jeni moja; makadirio ya kawaida ni kwamba 5 hadi 10 tu kati ya kila 100 ndizo za kurithi, na kwa ovari kiwango hicho ni kikubwa zaidi. Bibi mmoja aliyeugua titi akiwa na miaka 75 hatoshi kuitisha kikao cha ukoo. Kinachopaswa kushtua ni umri mdogo, matiti yote mawili, titi na ovari kwa mtu mmoja au kwa ndugu wa upande mmoja, mwanamume yeyote mwenye saratani ya titi, na saratani ya ovari katika umri wowote. Kwa mwanamke aliyerithi badiliko baya la BRCA2, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba wanawake wapatao 69 kati ya 100 watapata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80, na 17 watapata ya ovari. Kwa BRCA1 makadirio ni 72 na 44. Marekani, mwanamke wa kawaida ana nafasi ya takribani 13 kati ya 100 kwa titi na karibu mmoja kati ya 100 kwa ovari.

Takwimu hizo zilitokana hasa na familia za Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, na hapo pana jambo linaloniudhi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwa urahisi tu kwamba BRCA ni habari ya wazungu na ya Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki, kwa sababu hao ndio waliopimwa. Mwaka 2018 Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago, Mary-Claire King na wenzao wa Ibadan walichapisha utafiti wa wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti, wakakuta kwamba takribani mmoja kati ya wanane alikuwa na badiliko la kurithi katika BRCA1, BRCA2 au jeni nyingine mbili, PALB2 na TP53. Mmoja kati ya wanane si habari ya wazungu. Majirani zetu wa Uganda nao wamefanyiwa utafiti wa aina hiyo. Uchache wa vipimo vya Waafrika una madhara mengine yasiyoonekana: mtu wa kwetu akipimwa jeni nzima, uwezekano ni mkubwa zaidi kwamba maabara itamrudishia badiliko ambalo haijui kama ni la hatari au ni tofauti ya kawaida, kwa kuwa hifadhi za kumbukumbu wanazolinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Jibu kama hilo halipaswi kumpeleka mtu kwenye kisu. Linapaswa kuwekwa kwenye faili na kuulizwa tena baada ya miaka kadhaa.

Barua ya mdogo wangu ilituepusha na utata huo, na hii ndiyo faida kubwa ya kumpima kwanza yule aliyeugua. Badiliko likishajulikana, ndugu wengine hawahitaji kusomwa herufi zote 10,000. Maabara huangalia sehemu moja tu, na gharama hushuka sana. Jibu lake nalo huwa safi: unalo au huna. Mtu anayepimwa bila kujua badiliko la ukoo wake, akaambiwa hakuna kilichoonekana, bado hajui kama ukoo hauna kitu au kipo mahali ambapo hapakuangaliwa. Bei yenyewe imepitia kisa chake. Kampuni moja ya Marekani ilishikilia hataza, yaani haki za kumiliki ugunduzi, za jeni hizi kwa miaka mingi, kipimo kikauzwa zaidi ya dola 3,000, hadi Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliposema kwamba kinasaba cha asili hakiwezi kumilikiwa na mtu. Baada ya hapo maabara nyingine ziliingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka huohuo mwigizaji Angelina Jolie alitangaza kwamba alikuwa amekatwa matiti yote mawili kwa sababu ya BRCA1, na ni kwa habari yake wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

Baba mdogo alitolewa damu hapa Mbeya, kichupa kimoja chenye kifuniko cha zambarau, ikatumwa Dar es Salaam na kutoka huko ikasafirishwa nje ya nchi. Ukoo ulichangia kama unavyochangia msiba, na napenda kusema kwamba mchango huo ulikuwa rahisi kukusanya kuliko nilivyotarajia. Jibu lilithibitisha kwamba ana ile nakala mbovu. Baada yake ilikuwa zamu yetu, na hesabu yetu ilikuwa ya ajabu kidogo. Baba yangu alifariki kwa kiharusi bila kupimwa, kwa hiyo nafasi yake ya kuwa nayo ilikuwa nusu, na sisi watoto wake tulikuwa na robo kila mmoja. Jibu la kaka yangu lilipotoka kwamba anayo, hapohapo ilijulikana kwamba baba alikuwa nayo, na nafasi yangu ikapanda kutoka robo hadi nusu kabla hata bomba la sindano halijanigusa. Mimi sikuirithi. Binti zangu hawawezi kupata kwangu nisichokuwa nacho, na hatari yao ni ile ya mwanamke yeyote.

Kwa walioirithi, kazi ya titi na kazi ya ovari si sawa, na nionavyo tofauti hii haielezwi vya kutosha. Titi linaweza kufuatiliwa. Miongozo ya nchi tajiri inashauri kipimo cha picha cha MRI kila mwaka kuanzia miaka 25 na mamografia, yaani eksirei ya matiti, kuanzia miaka 30, ratiba ambayo mwalimu au mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hawezi kuifuata kwa mfuko wake. Lakini kuchunguzwa na daktari anayejua historia ya ukoo, kupiga ultrasaundi kwa kila uvimbe bila kuambiwa “subiri tuone”, na kuchukuliwa mapema kipande cha nyama cha kupimwa, hayo yanawezekana bila kupanda basi la alfajiri kushuka Kitonga. Ovari haifuatiliki. Hakuna kipimo cha damu wala cha picha kilichothibitika kuokoa maisha kwa kuikamata saratani ya ovari mapema, na dalili zake, tumbo kujaa, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, zinafanana na za magonjwa yanayotibiwa kwa vidonge vya duka la dawa. Ndiyo maana kwa mwenye BRCA2 ushauri ni kuziondoa ovari pamoja na mirija yake kati ya miaka 40 na 45, akishamaliza kuzaa, na kwa mwenye BRCA1 kati ya 35 na 40. Mirija inatajwa kwa makusudi, kwa kuwa saratani nyingi zinazoitwa za ovari huanzia humo. Upasuaji huo hupunguza hatari ya saratani ya ovari kwa takribani asilimia 80.

Una gharama yake. Hedhi hukoma siku ileile, joto la ghafla huja usiku, mifupa hudhoofika mapema, na mwanamke asiyeelezwa haya kabla huamini kwamba amefanyiwa jambo baya. Bado, kama ningekuwa nimerithi, ningeanza na ovari kabla ya kufikiria kukata matiti, na ningefanya hivyo hasa kwa sababu naishi huku. Mwanamke wa Uingereza anayesubiri anasubiri karibu na hospitali. Wa kwetu akifika hatua ya kuhitaji Taasisi ya Saratani Ocean Road, yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, anatafuta ndugu wa kufikia Dar es Salaam kwa wiki nyingi za mionzi, na shamba limebaki bila mtu. Dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 na inayoulenga udhaifu uleule wa ukarabati, ipo duniani, ila bei yake si ya kuchangishwa kwenye kundi la ukoo.

Kizuizi kikubwa kuliko fedha kilijitokeza mwishoni mwa kikao. Wifi yangu mmoja aliuliza kama ni lazima jambo hili liandikwe popote, maana ana mabinti wawili wanaokaribia kuposwa. Anayejua taratibu za huku hatashangaa. Kabla ya mahari kupokelewa, wazee wa pande zote mbili huchunguza ukoo: je, kuna kifafa, kuna kichaa, kuna ukoma, kuna uchawi? Mwanamke huyu aliogopa kwamba saratani ingeongezwa kwenye orodha hiyo na jina la ukoo wetu likatajwa Kyela na Ileje kama mfano. Shangazi pekee aliyebaki hai alimjibu, kwa ukali ambao sikuutegemea, kwamba dada zake wawili walizikwa na siri hiyo na siri haikumwozesha mtu yeyote vizuri zaidi. Sikubaliani naye kwa kila kitu. Nadhani binti ana haki ya kuamua mwenyewe amwambie nani na lini, ikiwemo mchumba wake, na kwamba kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kutangaza damu ya mtu. Haki hiyo lakini ni ya kwake, si ya mama yake kumfichia. Tulikubaliana kwamba mchoro ukae kwa watu watatu, na kila anayetimiza miaka 18 aitwe aelezwe peke yake, kisha achague kupima au kutopima. Watoto wadogo hawapimwi, kwa sababu hakuna cha kuwafanyia kabla ya utu uzima, na jibu hilo litakuwa mzigo ambao hawakuuchagua.

Kaka yangu ana watoto watatu, wote wa kiume, na mwanzoni watu walimpongeza kana kwamba amepona. Yeye ndiye anayelielewa jambo hili vizuri kuliko sisi wote sasa. Ana miaka 46. Kwa mwanamume mwenye mabadiliko ya BRCA2 kipimo cha damu cha PSA, cha kuchunguza tezi dume, kinashauriwa kila mwaka kuanzia miaka 40, kwa hiyo amekwisha kuanza, na hulitaja hadharani hata mbele ya mashemeji, jambo ambalo kwa wanaume wa umri wake huku si la kawaida. Wana wa marehemu baba mkubwa ni wanne na wanaishi Kyela. Watatu walisema watafikiria. Wa nne alisema atapima kama kaka atamsindikiza, ila si sasa, maana mpunga uko shambani na hana wa kumwachia; wamepanga kwenda baada ya mavuno.